Afande Mstaafu, Droni Hiyo Usiinunue Kwanza

Mwezi wa kwanza baada ya kustaafu huwa mtamu. Umeagwa kwa heshima, kiinua mgongo kimeingia, wajukuu hawakuachi hata ukinywa chai. Mwezi wa nne ndio wenye shughuli. Saa kumi na nusu alfajiri macho yako yako wazi, gwaride hakuna, simu ya kikosini hailii, na mama watoto, aliyeiendesha nyumba miaka yote hiyo wewe ukiwa kambini, anaanza kuchoka kukukuta jikoni ukipanga sufuria zake kwa ukubwa.

Wapo wanaokimbilia kuku wa mayai, wapo wanaonunua gari la abiria. Siku hizi wapo pia wanaoulizia droni, hizi ndege nyuki ambazo vijana huzirusha kwenye harusi na mikutano ya kampeni. Sina la kuwapinga. Naona ni burudani inayomfaa mwanajeshi kuliko nyingi ninazozijua. Ila nina masharti yangu, na la kwanza ni kwamba droni yenyewe inunuliwe mwisho.

Kwa askari wetu chombo hiki si kigeni. Waliokuwa mashariki mwa Kongo mwaka 2013, katika ile brigedi iliyoundwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, watakumbuka kwamba Desemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ulianza kurusha kutoka Goma ndege zisizo na rubani za aina ya Falco, zisizobeba silaha, kwa ajili ya upelelezi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa walinda amani wa umoja huo kuwa na kitu cha namna hiyo. Falco ina mabawa ya zaidi ya mita saba kutoka ncha hadi ncha. Hii ninayoizungumzia hapa inakaa kwenye mfuko wa koti: zile ndogo zimetengenezwa makusudi ziwe na gramu 249, na betri moja huziweka hewani kama nusu saa.

Niliseme mapema jambo ambalo wastaafu wenyewe hawapendi kulisema. Yupo ambaye mlio wa kitu kinachozunguka juu ya kichwa unamrudisha mahali asipotaka kurudi. Kama unajijua hivyo, au hujijui, omba kwanza kusimama mbali mtu mwingine akirusha yake. Moyo ukienda mbio na mikono ikatoa jasho, iache droni, na zungumza na daktari kuhusu hilo. Bustani ipo, uvuvi wa ndoano upo.

Ambaye hana shida hiyo ataona kwamba nusu ya elimu anayo tayari. Sehemu kubwa ya kurusha droni hufanyika ikiwa bado chini: kusoma ramani, kutazama mawingu na majani ya miti, kukagua kifaa kimoja baada ya kingine kwa mpangilio uleule kila siku, kujua njia ya kurudi kabla ya kwenda. Kijana wa miaka ishirini hulipia somo hilo kwa droni mbili tatu zilizovunjika. Wewe ulilipwa mshahara ulisome.

Kinachomkwamisha mstaafu ni ile nyota begani au tepe mkononi, ambayo ameikabidhi stoo lakini bado anatembea nayo. Inamkwamisha mara mbili. Kwanza, mwalimu wako atakuwa mtoto. Anayejua vitu hivi mtaani kwenu ana miaka ishirini na mbili, amevaa kaptula, na atakwambia, "Hapana mzee, siyo hivyo, lete nikuoneshe." Utake usitake utamwachia rimoti. Ukianza kumfokea kama kuruta, kesho hatakuja, na wewe utabaki na kitabu cha maelekezo chenye herufi za kusomwa na sisimizi. Mlipe. Si lazima iwe pesa nyingi, lakini mlipe, ili awe na haki ya kukukosoa.

Pili, anga si yako tena. Hili ndilo linalowaingiza watu matatani. Wastaafu wengi hujenga karibu na kambi walizotumikia, kwa sababu kiwanja walikipata enzi hizo na majirani ni wenzao. Mlinzi wa leo getini alikuwa darasa la tatu ulipokuwa unaongoza kombania. Hakujui, na hata angekujua, amri aliyopewa haina jina lako ndani yake. Droni ikionekana juu ya uzio wa kambi, yeye ana kazi moja tu, na unaijua kwa sababu wewe ndiye uliyewafundisha waliomfundisha. Kwa hiyo kambi, Ikulu, viwanja vya ndege, magereza na mitambo ya umeme viondoe kwenye ramani yako kabisa, hata kama rafiki yako ndiye mkuu wa pale.

Ndiyo maana nasema anza na karatasi. Tanzania Bara shughuli hii iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kuna kanuni za mwaka 2018 zinazohusu vyombo hivi. Chombo kinasajiliwa, na kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa kinahitajika. Hapo ndipo mstaafu anapotabasamu na kusema, "Ah, wizarani nina watu." Tafadhali usiwasumbue. Jaza fomu kama raia, panga foleni kama raia, tunza nakala ya kila barua kwenye faili moja utakalokwenda nalo uwanjani. Ada na fomu hubadilika, kwa hiyo waulize wenyewe ofisini. Habari za kijiweni ziache kijiweni. Ukivuka kwenda Unguja au Pemba, ulizia utaratibu wa huko kabla hujapanda boti, usisubiri mkoba wako ufunguliwe bandarini. Hifadhi za taifa nazo zina ruhusa zake, na askari wa wanyamapori hawatanii.

Kwa msomaji wa Kenya, kanuni zenu ni za mwaka 2020 na msimamizi ni KCAA. Usipite futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120. Kaa angalau mita 50 kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyokuhusu, na kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege. Hata anayeishi Tanzania akizishika namba hizo kichwani hatapotea sana. Na kokote uliko, rusha mchana, na usiiache itoke machoni pako.

Wakati barua zinasubiri majibu, jifunze bila droni. Zipo programu za kompyuta zinazoigiza urukaji, na zinatumia rimoti yenye vijiti viwili kama ile ya kweli. Mwambie mjukuu akuwekee. Utaangusha ndege hewa mpaka ucheke mwenyewe, na hakuna hata pangaboi moja litakalovunjika. Ukishaweza kuzungusha namba nane bila kufikiri ni kijiti gani kinafanya nini, hapo ndipo upige hesabu ya kununua.

Nunua ndogo. Ya kuanzia haifiki bei ya bodaboda mpya. Zile kubwa zenye kamera za kujivunia zinaweza kufika bei ya bodaboda mbili, na mwanafunzi huangusha zote sawasawa. Ukinunua ya mkononi, mwenye nayo wa zamani aiondoe kwanza kwenye akaunti yake, mbele ya macho yako, kabla pesa haijabadilisha mfuko. Asipofanya hivyo umenunua tofali. Betri nazo zitazame: programu huonesha imechajiwa mara ngapi, na iliyovimba hata kidogo usiipokee hata kwa zawadi. Chukua betri tatu, maana moja haitoshi hata kukukumbusha ulichojifunza jana. Chukua na mapangaboi ya akiba.

Sasa twende uwanjani. Nenda uwanja wa shule Jumamosi saa moja asubuhi, baada ya kuongea na mwalimu mkuu siku moja kabla. Upepo bado umelala na watoto bado wanakunywa uji. Tandika kipande cha turubai mita tano mbele yako, mbali na nguzo za chuma na mabati, kwa sababu chuma huichanganya dira ya droni. Hata zege lenye nondo ndani lina tabia hiyo. Weka chombo hapo, mkia ukikuelekea wewe. Washa rimoti kwanza, droni baadaye. Kisha subiri, na hapa wengi hushindwa kusubiri: skrini itakuonesha idadi ya setelaiti inavyopanda, na mwishoni itakwambia imehifadhi mahali pa kurudi. Ukiondoka kabla ya ujumbe huo na mawasiliano yakakatika, droni haijui kwao ni wapi.

Inua hadi juu kidogo ya kichwa. Iache isimame. Itazame dakika nzima bila kugusa kitu, usikie mlio wake ukiwa mzima, kwa sababu siku pangaboi litakapopata ufa ni sikio litakalojua kwanza. Kisha ipeleke mbele, irudishe, kulia, irudishe. Mkia ukiwa kwako kila kitu ni rahisi. Sasa igeuze uso ikutazame. Hapo kulia kwako ni kushoto kwake, na vidole vilivyokwisha kujiamini vitaipeleka kwenye mwembe. Baki kwenye zoezi hilo kwa wiki kadhaa. Chora mraba, kwanza mkia ukiwa kwako, halafu uso ukiwa kwako, halafu namba nane. Picha nzuri zitakuja zenyewe baadaye. Betri ikifika asilimia thelathini, shusha, hata kama jua linachomoza vizuri kupita kiasi.

Watoto watakuja tu. Hiyo ni hakika kama mvua za masika. Usiwafukuze. Panga mstari kwa kamba au kwa viatu vyao wenyewe, teua mkubwa wao awe mkuu wa zamu, na ahidi kwamba kila mmoja ataangalia skrini droni ikiwa imetua na mapangaboi yamesimama. Hapo utaona amri zako bado zinafanya kazi. Pangaboi la droni ndogo hukata kidole cha mtoto, kwa hiyo usiruhusu mtu yeyote kuidaka kwa mkono, na wewe mwenyewe usiwaoneshe kwamba inawezekana.

Kuhusu mwili tusidanganyane. Baada ya miaka hamsini jicho haliruki haraka kutoka skrini iliyo karibu hadi nukta iliyo mita mia mbili angani. Miwani ya kusomea itakuonesha skrini na kuificha droni. Pima macho, mweleze daktari unataka kufanya nini, na usiruke peke yako: mwenzako asimame kando, kazi yake ni kuitazama droni tu na kukwambia iko wapi na nini kinaikaribia. Mwenzako huyo huyo atakusaidia masikio. Aliyekaa miaka mingi karibu na mizinga au uwanja wa shabaha huenda hasikii vizuri ule mlio mwembamba wa rimoti unaolalamika kwamba betri inakwisha. Vaa kofia pana. Na kama mikono inatetemeka asubuhi, programu nyingi zinaruhusu kupunguza ukali wa vijiti. Wala hakuna anayejua umepunguza.

Upepo wa pwani unahitaji heshima ya peke yake. Kusi ikishika, chini ya miembe kwenu unaweza kuona kumetulia kabisa huku mita themanini juu pakiwa na upepo unaoshindana na mota. Kanuni ya kuokoa droni ni kwenda dhidi ya upepo ukiwa na betri imejaa, ili unaporudi upepo uwe unakusukuma nyumbani. Wageni hufanya kinyume, wanafurahia kasi ya kwenda, halafu wanaiona ikikwama baharini ikijaribu kurudi. Weka pia urefu wa kurudi nyumbani uwe juu ya vitu vyote vya hapo: mnazi mrefu hufika mita 30, minara ya simu huzidi hapo, na droni nyingi za bei nafuu hazina vihisi vya pembeni vya kuukwepa mnazi. Na ukirushia kutoka kwenye ngalawa, kumbuka kwamba mahali pa kurudi palipohifadhiwa ni pale ngalawa ilipokuwa wakati unaruka. Ngalawa imeshasogea. Droni itatua kwa utiifu mkubwa kabisa, majini.

Mwewe nao wana maoni yao. Akianza kuizunguka, ipandishe wima, maana yeye hushambulia kwa kushuka. Halafu tafuta kiwanja kingine siku hiyo.

Majirani ni sura ndefu zaidi ya upepo. Nyumba zetu nyingi zina ua nyuma, na uani ndiko mama anakokaa bila mtandio, binti anasuka, watu wanaoga. Ukuta ule ulijengwa kwa ajili hiyo, na kamera yako inaupita bila kubisha hodi. Hata kama humtazami mtu, yeye atajuaje? Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, lakini kabla ya sheria kuna aibu. Usiruke juu ya makazi. Pale unapolazimika kupita karibu, nenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa na faili lako, waoneshe droni, wapige picha wao wenyewe na waione. Vijijini eleza zaidi, hasa palipo na mgogoro wa ardhi: kitu kinachopita juu ya mashamba kinaeleweka haraka kuwa ni wapimaji wa mwekezaji, na umati ukishakusanyika maelezo yako hayasikiki. Ushirikina pia upo. Mwenye droni kuonekana jioni karibu na nyumba yenye msiba ni kutafuta maneno.

Halafu atakuja mtu wa harusi. "Afande, tupigie picha mbili za juu, tutakuona." Mwaka wa kwanza kataa. Kazi ya malipo ina masharti yake, mazito kuliko ya burudani, na harusi ni mahali penye watu, nyaya za taa na bendi, yaani kila kitu ambacho anayejifunza hapaswi kuwa juu yake. Vilevile atakuja mwingine mwenye mradi: tununue droni kumi, tupulizie dawa mashambani, weka kiinua mgongo utanishukuru. Huyu mkaribishe chai, msikilize mpaka amalize, na pesa yako iache ilipo.

Kama unataka burudani yako iwe na faida kwa wengine, zipo njia zisizohitaji mtaji. Ziwa Victoria mwaka 2018 droni ilipeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Kazi hiyo ni ya makampuni. Iliyo karibu na mtu wa kawaida ni ramani. Zanzibar ilipigwa picha kutoka angani kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba, kwa droni nyepesi zilizorushwa na watu wa hapohapo wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulitumia picha za droni kwenye kata zinazofurika, ili ijulikane maji yanapita wapi na nani yuko njiani. Mtu aliyesoma ramani za kijeshi miaka thelathini ana cha kuwafundisha vijana wa kazi hiyo, na wao wana cha kumfundisha. Watafute chuoni au kwenye halmashauri.

Wanaoishi kandokando ya hifadhi wana hadithi nyingine tamu. Maeneo ya Tarangire na Serengeti watafiti na askari wa wanyamapori wamejaribu kuwatoa tembo mashambani kwa droni, na tembo walikimbia. Inadhaniwa mlio huo unawakumbusha nyuki, ambao tembo anawaogopa kweli. Usiende kujaribu peke yako usiku. Tembo aliyetimuliwa huelekea upande wowote, na upande huo unaweza kuwa na nyumba. Waliofanya hivyo walikuwa na kibali, gari na watu wa kuwasiliana nao.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Betri za droni ni za lithiamu na hazitaki kukaa zimejaa wala zimekauka. Ukijua hutaruka wiki nzima, ziache katikati, kama nusu hivi. Usizichaji zikiwa bado za moto, usizichaji ukiwa umelala, na usiziache garini juani. Ukisafiri kwa ndege ziingie kwenye mkoba unaokaa nao, kamwe si kwenye begi la chini. Ukirudi kutoka ufukweni, futa chombo kwa kitambaa kikavu na usikipulize kwa mdomo, mate yana chumvi yake. Betri iliyovimba itoe nje ya nyumba, iweke kwenye ndoo yenye mchanga mkavu mbali na banda na matangi ya mafuta, na waambie wajukuu kwa ile sauti ya zamani kwamba ndoo hiyo haiguswi.

Na siku ikiangukia kwenye paa la mtu, usipande. Nenda mbele ya mlango, piga hodi, taja jina lako bila cheo, na mchukue mjumbe njiani.